Huruma Isiyouliza

Imekuwa ni itikadi ya watu wengi katika zama zetu, wasomi kwa wasiosoma, wahariri wa magazeti kwa vijana wa simu za mkononi, ya kwamba picha ya mtoto aliyekumbwa na vita ni hoja isiyo na jibu: kwamba mtoto hana kabila wala chama, hana mpaka wala bendera, na kwa hivyo kila aitazamaye picha yake, awe rafiki au hasimu, hulainika moyo, na mioyo ya walimwengu ikishalainika vita navyo hukaribia kukoma. Kutokana na itikadi hiyo yamezuka mazoea tuyaonayo kila siku hapa Ganjoni, Mombasa, barazani, dukani na katika foleni ya feri, ya mtu kupokea picha ya maiti ya kitoto cha Gaza, cha Darfur au cha Goma, akaisambaza kwa jamaa na marafiki kabla hajamaliza kuitazama, kisha akaiweka simu mfukoni hali amejiridhisha kwamba ameutekeleza wajibu wake kwa binadamu wenziwe. Wenye rai hii si watu waovu. Aghalabu ni watu wa imani na ihsani, na baadhi yao ni majirani zangu ninaowapenda na kuwastahi. Walakini wema wa mwenye rai hauwi dalili ya usahihi wa rai yake, nami nakusudia kuonyesha kwamba rai hii ina kasoro katika msingi wake wenyewe. Picha haizai huruma. Huikuta huruma imekwisha kuelekea upande fulani, ikaizidishia mwendo kwa upande uo huo; na huruma isiyouliza mtoto huyu ni nani, amepatwa na nini, kwa mkono wa nani na kwa amri ya nani, yaweza kumfaa dhalimu sawasawa na inavyoweza kumfaa madhulumu.

Sina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, maana upo ng'ambo ya kivuko chetu. Siku ya Jumapili tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa la Joy in Jesus huko Likoni, wakawamiminia risasi waumini waliokuwa katika ibada yao, wakaua watu wasiopungua sita. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mama mmoja, na risasi ikaonekana imekwama kichwani mwa mwanawe mchanga, ambaye hata miaka miwili alikuwa hajaitimiza. Picha ya mtoto huyo ilienea nchi nzima, na pamoja nayo picha ya eksrei iliyoonyesha risasi ndani ya fuvu dogo. Akasafirishwa hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, ambako madaktari waliitoa ile risasi salama, na watu wa kila dini wakamshukuru Mungu. Jina lake sitalitaja, ingawa nchi nzima ililijua, kwa kuwa yeye hakuwahi kuulizwa kama anataka kujulikana kwa msiba wake. Naikiri huruma ile ilikuwa ya kweli, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Lakini tuirudishe kalenda nyuma kwa wiki saba, mpaka Jumapili ya tarehe 2 Februari mwaka uo huo, na tuvuke maji kurudi kisiwani, tufike Majengo, katika Masjid Musa. Siku hiyo polisi waliuvamia msikiti, damu ikamwagika, polisi mmoja akawa miongoni mwa waliouawa, na watu 129 wakatiwa mbaroni, na ndani ya hesabu hiyo wamo waliokuwa bado ni watoto kwa hesabu ya sheria. Picha zao nazo zilienea. Zilionyesha sura changa zenye hofu, kama zilivyo sura zote changa mbele ya bunduki. Na bado watu wale wale ambao wiki saba baadaye wangemlilia mtoto wa Likoni, walizitazama picha hizi wakasema wamejitakia. Na uadilifu wanilazimu niongeze ya kwamba walikuwapo pia, ijapokuwa wachache, waliowalilia vijana wa Majengo kisha wakanyamaza kwa mtoto wa Likoni.

Basi iko wapi ile nguvu ya picha isiyojua kabila wala dini? Mji ulikuwa mmoja, magazeti yalikuwa yale yale, watazamaji walikuwa ni sisi sisi, na watoto walikuwa ni watoto. Kilichotofautiana ni yale tuliyokuwa tumeyaamini juu ya wazazi wao kabla ya mpiga picha kuinua kamera yake. Tena tazama yaliyofuata. Siku chache baada ya shambulio la Likoni serikali iliamuru wakimbizi wote walioko mijini warudi makambini, na mwezi wa Aprili, baada ya mabomu kulipuka Eastleigh, Nairobi, ikaanza ile operesheni iliyoitwa Usalama Watch, ambapo maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walisombwa majumbani na baadhi yao wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, ilhali watoto wao, na miongoni mwao wanyonyao, wameachwa nyuma bila wa kuwatazama. Sisemi kwamba picha ya mtoto wa Likoni ndiyo iliyotoa amri hiyo; amri ilikuwa na sababu zake, na hofu ya watu haikuwa ya uzushi. Nasema kwamba huruma yote ile iliyomiminika kwa mtoto mmoja haikuzuia hata chembe ya madhara kwa watoto wengine, wala haikuona kwamba kulikuwa na kitu cha kuzuiwa. Na wako walioitumia kuwa uhalali, wakisema kwamba mwenye kuwatetea wale ni adui wa huyu. Huruma iliyodaiwa kuwa haina upande ilikuwa nao tangu mwanzo, na ubaya wake mkubwa ni kwamba haikujijua kuwa inao.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa picha haizai huruma, huruma hutoka wapi? Jibu la swali hili wazee wa Mji wa Kale wanalo, maana walilitenda kabla hatujaanza kulijadili. Serikali ya Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, majahazi yalianza kuingia pwani yetu yamejaa watu wa Barawa, wa Kismayu na wa visiwa vya Wabajuni, wake kwa waume, watoto mgongoni, mali yao yote imo ndani ya mafurushi. Kambi zilifunguliwa Utange, Jomvu na kwingineko. Lakini kabla ya kambi, na hata baada yake, wengi walifikia majumbani mwa watu. Walifunguliwa milango na wenyeji ambao hawakuwa wameonyeshwa picha yoyote ya kuwaliza. Waliwajua. Walijua kwamba Mbarawa ni mtu wa lahaja ya Chimwini, ambayo ni jamaa ya lahaja zetu; walijua nisba zao, biashara zao, mashekhe wao, na ni nani kati yao aliyeoa Mombasa au Lamu. Ujuzi ndio uliotangulia, huruma ikaufuata, na kwa kuwa ilisimama juu ya ujuzi haikuchakaa kwa wiki mbili. Mpinzani wangu atanikamata hapa, na kwa haki, aseme: hiyo basi ni huruma ya jamaa kwa jamaa, na wewe umekwisha kuilaumu huko nyuma. Naam, ilikuwa huruma ya jamaa. Lakini jamaa hao walijuana kwa habari, na habari zaweza kupelekwa zaidi ya mipaka ya ukoo, madamu mtu ameshika taabu ya kuzipeleka. Picha tupu haina habari hizo. Humwonyesha mtoto, na humficha kila mtu mwingine.

Kwa jambo hili la kuficha, naomba nisimame kidogo Korem, kaskazini mwa Ethiopia, mwezi wa Oktoba 1984. Aliyezipiga picha za njaa ya huko, ambazo shirika la utangazaji la Uingereza lilizionyesha tarehe 23 ya mwezi huo pamoja na maelezo ya mwandishi wake Michael Buerk, alikuwa mtu wa kwetu, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Tanganyika; mtu shujaa, aliyepoteza mkono wake Addis Ababa mwaka 1991 kwa mlipuko wa ghala la silaha, na akafariki mwaka 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuangukia baharini karibu na Visiwa vya Ngazija. Siandiki haya kumkosea heshima marehemu. Picha zake ziliutikisa ulimwengu. Waimbaji wakakusanyika, na tarehe 13 Julai 1985 pakafanywa tamasha la Live Aid, na mamilioni ya fedha yakapatikana. Lakini walimwengu waliambiwa nini kuhusu sababu ya maafa yale? Waliambiwa ni njaa kama zile za zama za vitabu vitakatifu, na katika picha waliona mama, kitoto kilichokonda, na ukungu wa alfajiri. Wakafahamu kwamba ni ukame, na ukame ni kadari ya Mola. Ukame ulikuwapo, lakini pamoja nao kulikuwa na vita vya miaka mingi huko Tigray na Eritrea. Na serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikiyashambulia masoko kwa ndege, ikiyaharibu mazao, na kuwakatia chakula wakaazi wa sehemu zilizoshikwa na waasi. Watoto wa Korem walikuwa ni watoto wa vitani, illa vita havikuonekana pichani, kwa kuwa soko lililopigwa bomu miezi minne iliyopita halimo katika uso wa mtoto mwenye njaa.

Na kwa kuwa vita havikuonekana, huruma haikuwa na la kumwuliza yule aliyevipigana. Serikali ile ile ikapokea misaada, na chini ya jina la kuwanusuru watu ikawahamisha watu wapatao laki sita kutoka kaskazini hadi kusini magharibi, wengi wao kwa nguvu, na vituo vya kugawia chakula vikageuka kuwa mahali pa kuwanasia. Maelfu wakafia njiani na huko walikopelekwa. Madaktari wa Ufaransa wa shirika la MSF walipolisema jambo hilo hadharani walifukuzwa nchini mwezi wa Desemba 1985. Mpinzani atasema, na neno lake lina uzito: lau si picha zile, wangekufa wengi zaidi. Ni kweli; chakula kiliwafikia watu wengi, na mimi si katika wale wanaomdharau mtu aliyepeleka kiroba cha unga kwa mwenye njaa. Lakini zingatia kwamba hoja hii inaitetea misaada, na itikadi tunayoijadili inadai makubwa kuliko misaada. Inadai kwamba moyo ukilainika dhuluma itakoma. Korem mioyo ililainika kuliko ilivyopata kulainika kabla yake, na dhuluma ikaendelea, tena ikapata vyombo vya kuisafirisha.

Iko kasoro nyingine isiyosemwa mara nyingi, nayo ni kwamba picha ya kutia huruma daima huchelewa. Kamera haiwezi kumpiga picha mtoto ambaye atakuwa na njaa mwezi wa saba. Lazima imngojee mpaka mbavu zionekane. Mwaka 2010 wataalamu wa hali ya hewa na chakula walikuwa wamekwisha kutoa indhari juu ya Somalia, wakitaja mvua zilizokosekana na bei za nafaka zilizopanda, katika nchi ambayo Al-Shabaab walikuwa wamewafukuza watoaji misaada, na ambayo wafadhili nao walikuwa wakisita kwa kuogopa sheria zao wenyewe dhidi ya ugaidi. Indhari hizo hazikumliza mtu. Njaa ilitangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011, ndipo wapiga picha wakamiminika Dadaab na Mogadishu, na ndipo ulimwengu ukaamka. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa katika maafa yale, zaidi ya nusu yao wakiwa ni watoto wa chini ya miaka mitano, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa imekwisha kutokea kabla ya tangazo. Watu waliofundishwa kwamba wajibu wao huanza pale picha inapowafikia hujikuta kila mara wanawahi mazishi.

Sasa nifike kwenye silaha kali kuliko zote walizonazo mahasimu wangu, nayo ni picha ya Kongo. Watasema: je, si picha ndiyo iliyomwangusha Mfalme Leopold wa Ubelgiji? Hakika picha zilikuwa na sehemu yake, nami naipokea silaha hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu ni yangu. Tarehe 14 Mei 1904, katika misheni ya Baringa, Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mtu aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, ameketi ukingoni mwa baraza akiutazama mkono mdogo na mguu mdogo, ambavyo ndivyo vilivyobaki vya binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira iliyoitwa ABIR. Angalia yaliyomo katika picha hiyo na yasiyokuwamo. Uso wa mtoto haumo. Hakuna macho makubwa ya kumwomba mtazamaji. Kuna baba mwenye jina, aliyekuja mwenyewe misheni kushtaki. Kuna binti mwenye jina. Kuna kijiji, kuna tarehe, kuna kampuni iliyotuhumiwa kwa jina lake, na juu ya kampuni kuna mfalme aliyekuwa akivuna faida. Picha hiyo haikutembea peke yake. Iliandamana na taarifa ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, iliyotolewa mwaka huo huo, na hesabu za meli ambazo E. D. Morel alizichambua, akaonyesha kwamba kutoka Kongo ulikuwa ukitoka mpira na pembe, na kuelekea Kongo zikipelekwa bunduki na risasi. Ikaonyeshwa kwa taa ya slaidi katika kumbi za Uingereza na Marekani, na kila mara msemaji akasimama kando yake kueleza nani kafanya nini, na nani ana mamlaka ya kuzuia. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuitoa Kongo mkononi mwake. Dhuluma haikwisha siku hiyo, lakini dhalimu mmoja alitajwa na akang'olewa, jambo ambalo machozi ya Korem hayakuliweza.

Tofauti baina ya picha ya Baringa na picha nyingi zipitazo simuni mwetu ni ile iliyopo baina ya shahidi na mwombaji. Akisimama mtu mbele ya kadhi wetu akasema tu kwamba amemwona mtoto analia, na kwamba kilio chake kilimchoma moyo, kadhi atamstahi kwa moyo wake mwema, lakini hatampa hukumu. Atamwuliza mtoto wa nani, wapi, lini, na aliyemliza ni nani. Maswali hayo hayatokani na ugumu wa moyo wa kadhi, bali ndiyo njia pekee ambayo huruma hupitia mpaka ikafika kwenye haki. Kwa nini basi twadai insafu katika kesi ya mirathi ya nyumba, lakini katika damu ya watoto tumeridhika na machozi?

Wala tusisahau kwamba mtoto huyo ana staha yake. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayokataza kutumia habari za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Watoto wale walikuwa wamevaa nguo zao, wako salama, na bado tuliona, na tuliona sawa, kwamba wana haki ya sitara. Lakini mtoto wa Darfur aliyevuliwa nguo na mlipuko, aliyekufa mdomo wazi, huyo twamtembeza simu kwa simu bila kujiuliza kama mama yake yu hai na kama angependa mwanawe aonekane hivyo na watu wa Mombasa. Ingekuwa maiti hiyo ni ya mtoto wa Kizingo au wa Tudor, tungeifunika shuka kabla ya kumwita jirani. Huku kupwaya kwa sitara kwaonyesha kwamba, pamoja na machozi yetu, hatujamhesabu mtoto yule kuwa mtoto kamili kama wetu.

Watasema kwamba maneno haya yatamfurahisha dhalimu, ambaye hapendi kitu kuliko giza. La hasha. Sisemi picha zifichwe, wala siwakatazi wapiga picha kwenda vitani. Mkenya Hos Maina aliuawa Mogadishu tarehe 12 Julai 1993 pamoja na wenziwe watatu alipokuwa akiifanya kazi hiyo, na damu yake haistahili kuitwa ya bure. Ninachokisema ni kwamba mhariri anayechapa uso wa mtoto bila kuchapa jina la jeshi lililomjeruhi ameficha zaidi ya alivyodhihirisha, na msambazaji asiyejua picha ni ya mwaka gani na ya nchi gani amemsaidia yule apendaye tuchanganyikiwe. Dhalimu wa zama hizi haogopi machozi. Amekwisha kuyazoea, na mara nyingine huyatengeneza mwenyewe kwa picha za watoto wa upande wake.

Tuipime kanuni hii kwa vita vya Sudan vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023. Picha za watoto wa Darfur zimepita katika kila simu ya mji huu, na kila mtu amesikitika. Lakini mwezi wa Februari 2025 viongozi wa RSF, kikosi kilichokuwa kikipigana na jeshi la Sudan, ambacho mwezi mmoja kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa imekihukumu kuwa kimefanya mauaji ya kimbari, walikusanyika na washirika wao mjini Nairobi, katika jumba la KICC, wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Sudan ilimwita balozi wake arudi nyumbani kwa hasira juu ya mkutano huo, na serikali yetu ikajitetea kwamba ilikuwa ikitoa uwanja wa mazungumzo ya amani. Utetezi huo waweza kuwa sahihi au batili, na mahali pa kuupima ni bungeni, magazetini, misikitini na makanisani. Ni wangapi kati ya waliosambaza picha walimwuliza mbunge wao neno moja juu ya mkutano ule? Hilo ndilo lililokuwa karibu yetu, lililotendeka katika mji mkuu wetu, chini ya mamlaka tunayoyapigia kura. Kwa hivyo atakayeniletea tena picha ya mtoto wa vitani, aniletee pamoja nayo mahali, siku, na jina la aliyefanya. Tuketi pamoja tuandike waraka kwa mwenye madaraka ya kusema neno likasikika, naye tumfuate mpaka atujibu. Asipokuwa na hayo, akayatafute kwanza. Na mpaka atakapoyapata, amfunike mtoto wa watu.